Henia ya kitovu na mtoto wa tatu: nianze na kisu au nianze na mimba?

BintiKitangari
Habari za jioni wana jamvi. Naombeni mawazo yenu, hasa akina mama mliowahi kupita hapa, na kama kuna wahudumu wa afya msinipite.

Nina miaka 34, nipo Newala, watoto wawili. Wa mwisho anakaribia miaka mitatu, nilimzaa kwa upasuaji, mshono ule wa chini wa kulala. Mimba yake ilipofika miezi saba kitovu kikatoka nje na hakijatulia mpaka leo. Nikilala chali kinazama, nikisimama kinachomoza, nikikohoa ndiyo usiseme. Kimefika ukubwa wa ndimu. Kliniki waliniambia ni henia, nimalize kunyonyesha nirudi. Kunyonyesha nimemaliza zamani, kurudi ndiyo bado.

Sasa tunataka wa tatu. Baba watoto ameshapanga: tukilipwa za mnada wa korosho, mwezi wa 12 nikapasuliwe, mwezi wa pili tuanze kutafuta mtoto. Mama mkwe anasema kupasuliwa kabla ya kuzaa ni kutupa hela, mimba itafumua kila kitu. Daktari mmoja niliyemkuta kwenye kambi ya upimaji alinigusa tumbo mara moja akasema upasuaji kwanza. Nesi wa zahanati anasema zaa kwanza. Kila mmoja ana lake, na wote wanaongea kwa uhakika kabisa.

Uzazi wa mpango natumia sindano, ya mwisho nilichoma mwezi wa nane.

Nianze na kipi? Nawasilisha.

MzeeWaSalfa
Pole dada. Mimi naomba kueleweshwa kwanza, ngiri si maradhi yetu wanaume? Huku Tandahimba ukisikia mtu kaenda kupasuliwa ngiri unajua kabisa tatizo liko wapi.

ZamuYaUsiku
Mzee wangu, hayo mnayoyajua ninyi mengi ni mabusha, maji yanajaa kwenye mfuko wa korodani. Kwa mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara chanzo chake kikubwa ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Henia ni jambo jingine. Ukuta wa misuli ya tumbo unakuwa na tundu, na mafuta ya ndani au utumbo unapenya hapo. Wanaume huwapata zaidi kinenani. Sisi tunaozaa hutupata sana kitovuni, maana pale kamba ya kitovu ilipopita tulipokuwa tumboni mwa mama hubaki dhaifu maisha yote, na mimba inapotanua tumbo panaachia.

BintiKitangari, mimi ni nesi wa thieta, daktari sio, kwa hiyo nitakayosema yapeleke kwa daktari wa upasuaji akushike tumbo mwenyewe. Ila kabla sijasema lolote nijibu: hicho kitovu kimewahi kugoma kurudi ndani? Kimewahi kuwa kigumu, kikauma, ukatapika? Choo unapata vizuri au unakamua? Una kikohozi cha muda mrefu? Na kila siku unabeba nini kichwani?

ShangaziMikindani
Mwanangu, yangu niliishona kabla ya kitinda mimba. Ilikuwa ndogo, wakashona kwa nyuzi tu bila wavu, kile kitambaa cha matundumatundu wanachoweka kuzibia. Mimba ikaja mapema kuliko tulivyokubaliana na baba yao. Ilipofika mwezi wa sita nikaiona inachungulia palepale. Nilijifungua salama kwa njia ya kawaida, hakuna aliyenikataza kusukuma, lakini baadaye nikarudi tena mezani, safari hii wakaweka wavu na nimepona mpaka leo. Kwa hiyo mama mkwe wako usimbeze, ana hoja. Zaa kwanza.

MamaMkuti
Na mimi wa Masasi nitoe ushuhuda wa upande wa pili. Niliwekewa wavu kwanza, mimba nikaibeba baadaye sana. Wavu haukumfanya kitu mtoto, maana unakaa kwenye ukuta wa tumbo, mtoto yuko kwenye mfuko wake wa uzazi huko ndani. Ila miezi miwili ya mwisho, jamani! Tumbo linataka kwenda mbele, wavu hautaki. Usiku nikitaka kugeuka kitandani nashika ukingo wa kitanda kwanza, nahesabu, ndiyo nageuka. Dawa nilizoruhusiwa ni panado tu, diklofenaki walinikataza kwa ajili ya mimba. Nilipojifungua maumivu yakaisha, na henia haijarudi.

KoroshoGhafi
Mnazunguka sana. Dada kashazaa kwa kisu, wa tatu naye atazaa kwa kisu. Siku hiyohiyo waishone na henia. Ganzi moja, kitanda kimoja, nauli moja. Hela inayobaki mnapaua nyumba.

ZamuYaUsiku
KoroshoGhafi, kwanza aliyezaa kwa upasuaji mara moja si lazima azae hivyo tena. Inategemea sababu ya ule wa kwanza na hali ya mimba ijayo, na anayeamua ni daktari wa uzazi. Na henia ya kitovu peke yake si sababu ya kupasuliwa uzazi.

Pili, unasema kisu kimoja. Mshono wa mtoto uko chini, juu kidogo ya kinena. Kitovu kiko juu. Ni vidonda viwili, wala hujaokoa kitu. Kwa henia ndogo wapo wanaofanya yote siku moja, na mama akipona anashukuru. Lakini siku hiyo ukuta wa tumbo umelegea na kutanuka, nyuzi zinashika nyama iliyochoka, na madaktari wengi hawapendi kuweka wavu siku ya uzazi kwa kuogopa maambukizi. Hivyo uwezekano wa kurudi unakuwa mkubwa zaidi. Tatu, uzazi hauna ratiba. Uchungu ukianza saa nane usiku, daktari wa zamu anawaza mtoto na damu inayotoka, habari za kitovu chako hataki hata kuzisikia.

DawaZaPori
Henia haitaki kisu. Ninayo mizizi ya kuchemsha, siku 21 kitovu kinaingia chenyewe na uzazi unafunguka papo hapo. Njoo inboksi.

MzeeWaSalfa
Mizizi ishone tundu la nyama? Mimi sijui kitu lakini hiyo sinunui.

ZamuYaUsiku
Kwa mtu mzima tundu halijifungi, si kwa mizizi, si kwa mkanda, si kwa kukandwa maji ya moto. Watoto wachanga ndio vitovu vyao vingi hujifunga vyenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Bibi zetu walifunga sarafu juu ya kitovu cha mtoto, kikaingia, sarafu ikapewa sifa ambazo si zake.

BintiKitangari
Asanteni sana wote. Nilikuwa shambani, mtandao huko wa shida.

Dada ZamuYaUsiku nakujibu. Kikohozi sina. Choo kigumu ndiyo, mara nyingi nakamua. Kichwani nabeba maji, ndoo ya lita 20, maji ya uwanda huu mnayajua, yakitoka unachota mpaka pipa lijae kwa sababu hujui yatatoka tena lini. Somo yangu alinifundisha kufunga kanga kwa nguvu juu ya kitovu nikibeba, inapunguza.

Kugoma kurudi, ilitokea mara moja, kipindi cha palizi. Nililala nacho kimechomoza, usiku wa manane kikawa kigumu, ngozi ya juu imevimba inang'aa, kukigusa sitaki. Nikatapika mpaka nyongo. Nililala kwa ubavu nimekunja magoti, alfajiri kikalegea kikarudi chenyewe. Asubuhi nikaendelea na palizi.

ZamuYaUsiku
Sasa hapo jibu limegeuka. Subiri nitoke kazini niandike kwa kituo.

ShangaziMikindani
Uwiii. Mwanangu, nafuta neno langu la zaa kwanza. Yangu haikuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

ZamuYaUsiku
Nimetoka. Vumilieni, ni ndefu.

Nesi wa zahanati yako hakukosea kwa jinsi alivyokuona. Henia ndogo ya kitovu isiyouma, inayoingia na kutoka yenyewe, kwa mwanamke anayetaka mtoto karibuni, mara nyingi huachwa ikaangaliwa. Anazaa, tumbo linarudi, ndipo inatengenezwa. Sababu ni hiyo aliyopitia Shangazi: ukiitengeneza halafu ukabeba mimba, ukuta unatanuliwa upya. Watafiti wa Denmark waliofuatilia wanawake waliotengenezewa henia za tumbo waliona wale waliobeba mimba baadaye walirudiwa zaidi kuliko ambao hawakubeba. Hata mwongozo wa vyama vya wapasuaji wa henia vya Ulaya na Amerika wa mwaka 2020 unaelekea huko: kama haisumbui, ngoja uzae.

Lakini neno kubwa hapo ni "kama haisumbui". Yako ilikwama. Utumbo au mafuta yaliingia kwenye tundu, tundu likabana, yakavimba, yakashindwa kurudi. Usiku ule ilibahatika kulegea. Ingeendelea kubana, damu inakatika, na utumbo usiopata damu unaanza kufa ndani ya saa chache tu. Hapo hakuna tena mambo ya kushona kitovu. Ni kufungua tumbo, kukata kipande cha utumbo na kuunganisha.

Sasa yachukue hayohayo uyaweke kwenye mimba ya miezi saba. Ni kweli wajawazito wengi wenye henia ya kitovu hawapati balaa, mfuko wa uzazi ukipanda unausukuma utumbo pembeni na juu. Lakini aliyewahi kukwama hawekwi kundi moja na ambaye hajawahi. Ikibana ukiwa mjamzito unapasuliwa mimba ikiwa na umri wowote, haisubiri, na hatari inakuwa ya watu wawili. Na umesema upo Newala ndani huko, usiku, mvua, unatafuta gari la kukufikisha hospitali yenye mpasuaji.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, wewe unaanza na kisu. Mwingine mwenye kitovu kama chako ambacho hakijawahi kugoma, huenda angeambiwa tofauti na ikawa sahihi.

Leo hii ikigoma tena, ikawa ngumu na kuuma, ngozi ikabadilika rangi kuwa nyekundu au kama kiza, ukatapika, hewa na choo vikakataa kutoka: usiisukume kwa nguvu, usifunge kanga juu yake, usile wala kunywa kitu. Hospitali, saa hiyohiyo.

KoroshoGhafi
Sister umeua. Lakini mbona mume wake naye kasema hivyohivyo, apasuliwe mwezi wa 12, wa pili watafute? Mnamtesa bure huyo mwanaume.

ZamuYaUsiku
Mpangilio wake uko sawa, tarehe zake ndizo sizo. Kidonda cha nje kikikauka watu wanadhani kazi imekwisha. Kovu la ndani linajengwa taratibu. Baada ya miezi mitatu hivi linakuwa na nguvu ya takriban asilimia 80 ya nyama ya mwanzo, na huwa halifiki 100. Wapasuaji wengi watakuambia usibebe mimba kabla ya miezi sita, na wengi zaidi wanapenda mwaka. Mwezi wa pili ni mapema mno.

Halafu kuna hiyo sindano. Wengi hawaambiwi vizuri: sindano ya miezi mitatu ikiisha muda wake uzazi haurudi siku ileile. Kwa kawaida inaweza kuchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho mpaka mimba kuingia, wengine mapema, wengine zaidi. Kwa hiyo kama unataka kusubiri mwaka kamili halafu mimba iingie bila kuhangaika, usiendelee na sindano mpaka mwisho. Ongea na kliniki kuhusu vijiti au kitanzi, vikitolewa uzazi unarudi haraka. Na usikae wazi ukitegemea kwamba sindano bado ipo mwilini, hapo ndipo mimba za "imekujaje" zinapotokea.

MwanaNyangao
Naomba nipinge kidogo. Mnamwambia mtu wa miaka 34 asubiri mwaka na zaidi. Atatafuta mimba akiwa 36, hiyo nayo si hatari? Hapa Lindi ninawajua waliosubiri mambo mpaka umri ukawapita.

ZamuYaUsiku
Hoja yako ni nzuri na akamweleze daktari wazi kwamba umri unamhusu. Uwezo wa kushika mimba unapungua taratibu, na baada ya 35 kupungua kunaongeza kasi. Lakini kati ya 34 na 36 kwa mtu aliyekwisha kuzaa mara mbili bila shida si ukuta. Angekuwa na 40 tungezungumza lugha nyingine, labda angefanya upasuaji na kusubiri ile miezi sita ya chini kabisa. Huo muda wa kusubiri nao si wa kukaa bure. Damu ipimwe ipande, presha na sukari vijulikane, uzito kama umezidi upungue maana kitambi kinasukuma mshono kama mimba inavyosukuma. Na mkikaribia kuanza kutafuta, aanze vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijaingia. Wengi wetu tunaanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne, na uti wa mgongo wa mtoto umeshajifunga ndani ya mwezi wa kwanza.

MwanaNyangao
Hapo nimekuelewa. Narudi kwenye kiti changu.

MzeeWaSalfa
Mimi mambo ya kitaalamu siyawezi, ila kalenda ya shamba naijua. Mwezi wa 12 mvua ndiyo zinaanza, watu wako kwenye kupanda, tena ukitoka hapo palizi. Baada ya kupasuliwa haruhusiwi kubeba vitu vizito kwa muda gani? Kwa sababu hapa Umakondeni mwanamke asiyebeba ndoo kwa mwezi mzima, nyumba nzima hainywi maji. Na hela za mnada msiziwekee tarehe. Wakati mwingine mzigo unauzwa leo, malipo mnayasikia redioni.

ZamuYaUsiku
Wiki nne mpaka sita bila ndoo, bila kuni, bila jembe, bila kumbeba mtoto mgongoni. Kutembea anaanza siku hiyohiyo au kesho yake, na anatakiwa atembee, kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni. Kama hamna mtu wa kubeba maji, Mzee, bora asogeze tarehe kuliko apasuliwe Jumatatu na Jumatatu inayofuata yuko bombani. Nimewaona wanaorudi hivyo.

MamaMkuti
Mume abebe! Ana kichwa, ndoo ipo, bomba lipo. Au baiskeli na madumu, wanaume wa Newala kwa baiskeli hawajambo.

KoroshoGhafi
Wamakua mkishapata bando mna maneno 😂

MamaMkuti
Mtani wangu, kateke maji.

FundiCherehaniLindi
Tuache utani. Dada aende wapi? Na aombe wavu au nyuzi? Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kuna ndugu yangu aliambiwa wavu unasababisha utasa akakimbia.

ZamuYaUsiku
Utasa hapana. Wavu wa kitovu hauko karibu na mirija wala mfuko wa uzazi. Huyo ndugu yako alisikia stori za mtaani.

Mahali: wapasuaji wapo Ligula, wapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, wapo Ndanda, kwa Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Kwa mtu wa Newala, Ndanda inafikika kupitia Masasi. Aende na barua ya rufaa kutoka kituo chake ili asizungushwe, na kama ana bima aulize dirishani mapema iwapo wavu umo au atanunua mwenyewe, asije akalijua hilo siku ya upasuaji.

Wavu au nyuzi, hapo inategemea upana wa tundu. Chini ya sentimita moja, nyuzi zinaweza kutosha. Kuanzia sentimita moja kwenda juu, nyuzi peke yake hurudisha henia mara nyingi zaidi, na kwa watu kwa ujumla wavu ndio unaopendekezwa. Kwa anayetaka kuzaa tena mambo si rahisi hivyo. Wapo wapasuaji wanaosema tushone kwa nyuzi sasa, ukimaliza kuzaa tuweke wavu. Wapo wanaosema umebakiza mtoto mmoja tu, weka wavu uvumilie kuvutwa mwezi wa nane kama alivyovumilia MamaMkuti. Wote wana sababu. Aulize, ajibiwe, achague. Akikutana na asiyetaka kuulizwa maswali, atafute mwingine.

BintiKitangari
Nimesoma yote, mengine nimemsomea baba watoto kwa sauti. Amekaa kimya, halafu akauliza, "Huyo nesi ni wa wapi?" Nikajua yameingia. Nikitoka kumwona daktari nitaleta mrejesho.

ShangaziMikindani
Tunakungoja mwanangu. Ndoo weka chini kuanzia leo, usisubiri daktari akuambie.

BintiKitangari
Wakuu, mrejesho.

Tumekwenda wote wawili. Daktari wa upasuaji alinisimamisha, akaniambia nikohoe mara kadhaa huku kashika kitovu, kisha akanilaza akaniambia ninyanyue kichwa bila kutumia mikono. Akasema pamoja na henia misuli yangu ya katikati imeachana, ndiyo maana tumbo linafanya mgongo nikiinuka, ila hiyo kuachana si henia na haimtishi, ina mazoezi yake. Altrasaundi ikaonyesha tundu la sentimita mbili, na nikikohoa kipande cha utumbo kinaingia.

Nilipomweleza habari ya usiku wa palizi aliacha kuandika. Akamgeukia mume wangu, akachukua karatasi, akachora mstari wa ukuta wa tumbo, akaacha uwazi, akachora utumbo umepenya na shingo yake imebanwa. Akapiga kalamu pale kwenye shingo, "Hapa damu haipiti." Mume wangu akauliza kama miezi miwili baada ya upasuaji tunaweza kuanza. Daktari akacheka, akamwambia, "Baba, mimi nikishona leo wewe mwezi wa pili unataka kunifumulia?" Tukacheka wote, lakini karatasi aliikunja akaiweka mfukoni.

Tumekubaliana wavu, kwa sababu ya upana wa tundu na kwa sababu tunataka mmoja tu wa mwisho. Alinieleza wazi kuhusu kuvutwa miezi ya mwisho, na kwamba uwezekano wa kurudi upo hata hivyo. Pia alisema kama nitazaa kwa upasuaji tena niwaambie mapema kuwa nina wavu na uko wapi, ingawa mshono wa chini kwa kawaida haufiki huko. Kusubiri amesema mwaka, akiona nimepona vizuri na mimi naogopa umri, tutazungumza kuanzia miezi tisa baada ya upasuaji.

Hawakunipa tarehe ya karibu kwa sababu damu ilikuwa chini kidogo, nimepewa vidonge vya kuongeza damu nirudi kupimwa. Tunalenga mwezi wa kwanza. Mdogo wangu anakuja kutoka Nanyamba kukaa nasi, maji na kupanda ni yeye na shemeji yake. Sindano sichomi tena, nimewekewa vijiti.

Mama mkwe bado hajakubali. Nimemwachia mume wangu aongee naye, ni mama yake.

ZamuYaUsiku
Safi sana. Kimoja tu: hivyo vidonge vya damu vinakausha choo, na wewe ulishasema unakamua. Kukamua kunasukuma kitovu kama ndoo inavyokisukuma. Papai, mlenda, mbaazi, maji ya kutosha. Ikishindikana waambie wakupe dawa ya kulainisha, usiache vidonge.

MzeeWaSalfa
Na mimi nimejifunza uzeeni. Kila la heri binti.

MwaliWaLiwale
Samahanini kwa kufukua uzi. Mimi nina mimba ya miezi mitano na nimetokewa na uvimbe kinenani upande wa kulia, unatokea nikisimama, nikilala unapotea. Hauumi sana, unavuta tu jioni. Hospitali moja waliniambia ni henia, nipasuliwe sasa hivi kabla mimba haijakua. Nimeogopa. Sijatapika wala nini. Dada ZamuYaUsiku kama bado upo naomba msaada.

ZamuYaUsiku
Nipo. Mwali, usikimbilie kisu kabla hujapimwa vizuri. Kwenye mimba kuna kitu kinachofanana sana na henia ya kinena: mishipa ya damu inayofuata kano la mfuko wa uzazi inavimba, kama inavyovimba miguuni kwa wajawazito wengi. Nayo inatokea ukisimama na kupotea ukilala. Haihitaji upasuaji, baada ya kujifungua inanywea yenyewe. Kwa mkono tu hata daktari mzoefu anaweza asizitofautishe. Kinachotofautisha ni altrasaundi ya pale kinenani, ile yenye dopla inayoonyesha damu inavyotembea. Waambie hivyo, "Naomba nipimwe kinena kwa dopla nikiwa nimesimama na nikikohoa." Wakipima mtoto tu wakakurudisha, bado hujapimwa.

Na hata ikionekana ni henia kweli, kama inarudi na haiumi, wengi huachwa wajifungue kwanza. Ikilazimu kupasuliwa kwa mpango, kati ya mwezi wa nne na wa sita ndiyo afadhali, kwa hiyo hata ukichukua siku chache kupima hujapoteza kitu. Ikigoma kurudi na kuuma, nilishaandika hapo juu cha kufanya.

MwaliWaLiwale
Asante sana dada. Dopla hapa kwetu nimeulizia hawana, wameniambia Nachingwea au Lindi. Shemeji ana safari ya Lindi Alhamisi, nitapanda naye.